Mkono wa baba baada ya kiharusi: miezi 14 ya mazoezi, tulichokosea na kilichorudisha vidole

BintiSeremala:

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha usimame kwa ajili ya yule ambaye juzi tu amerudi nyumbani na mgonjwa wake, mkono mmoja unaning'inia kama si wake, na kwenye karatasi ya kuruhusiwa kumeandikwa neno moja: mazoezi. Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, uanze na kipi, hakuna. Mimi nilikuwa huyo.

Baba ni seremala. Mshipa uliziba upande wa kushoto wa ubongo, na kwa kuwa njia nyingi za fahamu zinazoamrisha misuli huvukana zikifika chini ya ubongo, kilichopooza ni upande wa kulia. Mkono wa randa. Mguu ulianza kurudi ndani ya wiki chache, tukashangilia kila hatua aliyopiga. Mkono tukausahau. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu nadhani ndiko wengi tunakopotelea. Mguu una lazima: mtu akisimama ataukanyagia tu, apende asipende. Mkono hauna lazima hiyo. Mwenzake mzima yupo pembeni, anafunga vifungo, anashika kijiko, anafungua mlango, na ule mgonjwa unabaki mapajani siku nzima bila mtu kuuomba kitu.

Kosa letu kubwa lilikuwa bega. Misuli inayolishikilia ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unavuta kichwa cha mfupa kishuke kutoka kwenye kikombe chake. Ukipapasa juu ya bega unakuta kijishimo ambacho upande wa pili hakipo. Sisi hatukujua. Tulikuwa tunamwinua kitandani kwa kumvuta mkono huohuo, au kumnyanyua kwa kumshika kwapani. Kila aliyekuja kumjulia hali alisaidia hivyo hivyo, kwa mapenzi kabisa. Wiki ya tano bega likaanza kumuuma usiku. Ikafika mahali hataki mkono uguswe hata wakati wa kuvaa shati, na mazoezi yakasimama mwezi mzima, tena mwezi ambao ubongo ulikuwa na utayari mkubwa wa kujifunza upya. Mpaka leo nikiukumbuka naumia.

Kwa hiyo kama utasoma aya moja tu ya uzi huu, isome hii. Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza. Usimshike kwapani. Mwinue kwa kumshika mgongoni na kiunoni, na akiweza, ainame mbele mwenyewe kwanza. Akikaa, mkono ulazwe juu ya meza au mto, kiwiko na kiganja vyote vimeegemezwa. Akilala chali, weka mto chini ya bega na mkono wote. Shati lianze kuvishwa mkono mgonjwa na livuliwe mkono mzima kwanza. Na zile kamba za kupitisha juu ili mkono mzima uuvute mgonjwa kwenda juu, achaneni nazo, maana zinainua mfupa wa mkono huku mfupa mpana wa nyuma ya bega haujasogea, na kilichopo katikati kinabanwa.

Bega lilipotulia, mwezi wa tatu, tukapata fiziotherapisti, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Anarudia mara ngapi?" Nikajibu kwa kujiamini, kama mara 30. Hakunicheka. Akaniambia kuna utafiti wa 2009 ambapo watafiti walikaa na kuhesabu kinachofanyika ndani ya vipindi 312 vya tiba ya waliopata kiharusi. Katika vile vilivyogusa kazi za mkono, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kipindi. Wakati huohuo, majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukibadilika yalikuwa na marudio ya mamia kwa siku, 400 mpaka 600. Yaani tulikuwa tunamwaga kikombe cha maji shambani na kusubiri mahindi.

Akatupa shabaha ya 300 kwa siku. Niliona haiwezekani, mpaka tulipoigawa mara tatu, 100 asubuhi, 100 mchana, 100 jioni, na mimi nikawa karani mwenye daftari. Mwanzo hakukuwa na kushika chochote. Mkono juu ya meza, taulo dogo chini ya kiganja, asukume mbele, arudishe. Siku ya kwanza alifika 46 akachoka. Tukaandika 46.

Hapa fiziotherapisti wetu aliona kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Baba alikuwa hasukumi kwa mkono. Alikuwa anainamisha kifua chote mbele na kupandisha bega mpaka sikioni, taulo likawa linasogea bila kiwiko kunyooka hata kidogo. Akampitisha kitambaa kipana kifuani, akakifunga kwa upole kwenye mgongo wa kiti, akasema sasa sukuma. Taulo likasogea upana wa vidole viwili. Baba akakata tamaa kabisa, mimi pia, lakini yeye akasema vile vidole viwili ndivyo vya kweli, tuvihesabu hivyo. Baada ya wiki tatu alikuwa anafika ukingo wa pili wa meza akiwa amefungwa vilevile.

Mwezi wa tano vidole vilianza kufunguka kidogo, ndipo likaja suala la glavu. Kuna mwanasayansi Mmarekani, Edward Taub, aliyefanya kazi na nyani waliokatwa neva za kupeleka hisia kutoka mkono mmoja. Nyani waliacha kabisa kuutumia mkono huo, ingawa misuli bado ilikuwa inapata amri. Mkono mzima ulipofungwa, wakaanza kuutumia ule ulioachwa. Maana yake, sehemu ya ulemavu ilikuwa ni kujifunza kutotumia: unajaribu, unashindwa, unahamia mkono mwingine, na kila ukihama ubongo unazidi kuuondoa mkono ule kwenye hesabu zake. Kutokana na hapo ikatengenezwa tiba ambayo mkono mzima unavalishwa glavu nene isiyoruhusu kushika, kwa takribani asilimia 90 ya saa ambazo mtu yuko macho, wiki mbili mfululizo, na mkono mgonjwa unafundishwa mpaka saa 6 kwa siku za kazi. Jaribio kubwa lililochapishwa 2006 lilichukua watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Waliopitia tiba hiyo waliwazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Si ya kila mtu lakini. Sharti lilikuwa mgonjwa aweze kuinua kifundo cha mkono angalau digrii 10, na kiasi kama hicho kwa kidole gumba na vidole vingine viwili. Mkono usio na mwendo wowote, ukimfungia mtu ule mzima umemfunga mikono miwili. Na glavu haivaliwi kwenye ngazi, bafuni, wala karibu na maji ya moto, kwa sababu mkono mzima ndio unaookoa mtu akiteleza.

Sisi tulifanya kwa saa mbili kwa siku. Baba alikasirika. Siku ya pili alijaribu kufungua kifungo kimoja cha shati kwa dakika kumi na moja, kisha akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia. Nikavua glavu, tukakaa kimya. Kesho yake sikumpa vifungo. Nilimletea kipande cha ubao na msasa. Nikafunga msasa kwenye kijipande cha mti kinachoenea kiganjani, nikamwekea ubao kwa mteremko, nikamwambia asugue. Kwa jinsi alivyotazama ule ubao nilijua. Siku hiyo alisugua mara 210 na mimi ndiye niliyemwomba apumzike.

Nitaendelea kesho kuhusu kioo na usiku wa mkono kukaza. Aliyepitia haya, au fundi wa viungo aliyemo humu, achangie na anisahihishe.


MnyooshaViungo:

Mleta uzi, ahsante sana. Nafanya fiziotherapia kwa waliopata kiharusi na aya yako ya bega ningependa ibandikwe kila wodi. Naongeza machache.

Neno "mapema" linahitaji kuelezwa vizuri. Kuna jaribio lililotoka 2015, washiriki 2,104, lililolinganisha kumtoa mgonjwa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi na kwa nguvu, dhidi ya utaratibu wa kawaida. Waliokimbizwa walitoka na matokeo mabaya kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kulinda bega, kugeuza mgonjwa, na vipindi vifupi. Mzigo mkubwa unakuja baadaye. Jaribio dogo la 2021 liliwapa watu saa 20 za ziada za mazoezi ya mkono katika nyakati tofauti, na waliofaidika zaidi ni wale waliozipata kati ya siku ya 60 na ya 90. Pale ndipo mkono wa mgonjwa unapaswa kuwa kazini zaidi, na kwa bahati mbaya ndipo familia nyingi huwa zimeshachoka na miadi imepungua.

Watu huniuliza, mkono utarudi? Vitu ninavyoviangalia siku za mwanzo ni viwili: je, anaweza kuutenganisha mkono na ubavu hata kidogo, na je, anaweza kunyoosha kidole hata kimoja. Watafiti wa Uholanzi walionyesha 2010 kwamba waliokuwa na hivyo viwili siku ya pili, asilimia 98 walikuwa na uwezo fulani wa kutumia kiganja baada ya miezi 6. Ambao hawakuwa navyo, asilimia 25. Angalia hiyo 25 vizuri kabla hujamwambia mtu asahau. Ni mmoja katika wanne.

Na lile neno la "baada ya miezi 6 hakuna tena" linaniudhi. Ni kweli kwamba nafuu inayokuja yenyewe hujaa zaidi miezi mitatu ya mwanzo. Kufundishika hakuishi hapo. Hospitali ya Queen Square kule London ina programu ya mkono ya saa 90 ndani ya wiki 3. Matokeo yake yalichapishwa 2019, na wengi wa wagonjwa wake walikuwa wameshapita miezi 6 kwa mbali. Walipanda, na miezi 6 baada ya kumaliza programu bado walikuwa hawajashuka.


NusuMwili:

Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, mkono wa kushoto, mwaka wa tatu huu. Nimesoma habari ya baba wa watu na kifungo nikaacha simu kidogo.

Nataka niwaambie wanaouguza vitu ambavyo mgonjwa hawezi kuvieleza wakati ule.

Wiki za mwanzo, nikipiga miayo mkono wangu ulioganda ulikuwa unapanda wenyewe mpaka kifuani, vidole vikijikunja. Mke wangu alipiga kelele ya furaha, akaniambia fanya tena. Siwezi kufanya tena! Muayo ulipoisha mkono ulianguka. Aliniambia nimegoma kujitahidi, na mimi nikaamini. Baadaye ndipo tukaelezwa kwamba hilo hutokea, kwamba muayo unapita njia nyingine kwenye ubongo isiyo ile ya kuamua. Hakuna aliyekuwa mvivu. Nililia siku hiyo kwa kufarijika.

Uchovu. Si ule wa kazi. Ni kama mtu amezima taa ndani ya kichwa. Nikifanya mazoezi dakika 20 nalala saa mbili. Waliokuwa wananiambia jikaze hawakujua kwamba nilikuwa nimeshajikaza kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kilichonisaidia ni kugawa, kama alivyofanya huyu dada, na kuweka zoezi gumu saa nilipo na nguvu, sio saa mgeni alipopata nafasi.

Halafu hisia. Mkono wangu ulianza kusogea kabla haujaanza kuhisi. Nilikuwa nashika kikombe, nikigeuka kumsikiliza mtu, kikombe kinaanguka, kwa sababu nilikuwa nashika kwa macho. Mtaalamu wangu wa tiba kazi, anayemfundisha mgonjwa kurudia shughuli za kila siku, alinifunika macho, akanipa kitu kiganjani, kijiko, ufunguo, kitambaa, nikitaje. Miezi minne sikupata hata kimoja. Sasa napata ufunguo kila mara. Mtu asiye na hisia asiachwe peke yake na kitu cha moto.

Na huzuni. Inakuja, na si udhaifu wa imani. Mwambieni daktari, inatibika, na mtu aliyezama hawezi kurudia chochote mara 300.


BintiSeremala:

Ndugu NusuMwili, hiyo ya miayo nimemsomea baba. Amesema "kumbe". Na yeye ilimtokea, tukadhani anatania. Ahsante kwa kutuambia.


MwanaWaMama:

Habari zenu. Mama yangu ana miaka miwili tangu kiharusi. Mkono umejikunja, kiwiko kimebana tumboni, vidole vimefumba ngumi kiasi kwamba kucha zinamchoma kiganja na ndani kumeanza kunuka. Tulikuwa tunampa mpira wa kubinya kwa sababu kila mtu alituambia unaimarisha mkono. Jirani mmoja anatuambia tumchue kila usiku kwa nguvu mpaka vilegee. Tuliambiwa kliniki kwamba kwa muda uliopita hakuna cha kufanya. Je, kuna chochote, au nimwache apumzike?


MnyooshaViungo:

Ndugu, usimwache. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ndilo la watu wengi wasioandika.

Kwanza mpira. Kubinya hakumuui mtu, lakini jiulize, mkono wa mama unakosa nini? Kufunga tayari anafunga, tena kupita kiasi. Anachokosa ni kufungua. Mkono wa binadamu baada ya kiharusi kwa kawaida hurudi kwa mafungu: bega linapanda, kiwiko kinakunja, kiganja kinafumba, vyote kwa pamoja. Signe Brunnstrom, mtaalamu mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, alizipanga hatua hizo, kuanzia mkono uliolegea, kupitia kukaza, mpaka mtu anapoweza kuchomoa mwendo mmoja mmoja kutoka kwenye fungu. Kazi yetu ni kumsaidia achomoe. Ukimpa mpira asubuhi na jioni unamzoesha fungu lilelile. Mpe vitu vya kuachia. Kushika kitambaa na kukidondosha. Kudondosha ndilo zoezi.

Pili, kuchua kwa nguvu, hapana. Msuli uliokaza kwa sababu ya ubongo ukiuvuta ghafla unajibu kwa kukaza zaidi. Vuta polepole. Anza mbali: legeza bega, kisha kiwiko, kisha kunja kifundo cha mkono kwenda chini, utaona vidole vinalegea vyenyewe, ndipo utoe kidole gumba kwanza na vingine vifuate. Ukishafungua, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri katikati ya vidole, kata kucha, weka kitambaa laini kilichokunjwa kiganjani. Hili ni la leo jioni, kabla ya lingine lolote. Ukiona kidonda, usaha au wekundu unaosambaa, mpeleke akaonwe.

Tatu, muulize daktari wa mishipa ya fahamu au wa tiba ya urejeshaji kuhusu sindano za botulinamu. Zinadungwa kwenye misuli iliyokaza, inalegea kwa takribani miezi mitatu, kisha nguvu ya dawa inaisha. Sindano haimpi mtu nguvu. Inakufungulia mlango, na miezi hiyo mitatu ndiyo ya kufanya kazi ya kunyoosha na kufungua. Waliodungwa wakakaa tu nimewaona, mkono unarudi ulipokuwa. Na kama viungo vyenyewe vimeshaganda, si misuli tu, sindano peke yake haitafanya kitu. Ndiyo maana anahitaji kupimwa kwa mikono ya mtu, sio kwa kalenda.

Nne, mkague wewe mwenyewe, kesho asubuhi akiwa amepumzika. Akae vizuri, miguu imekanyaga chini. Laza mkono wake juu ya meza, kiganja kikitazama chini, kifundo kikivuka ukingo wa meza kidogo. Shikilia uzito wa mkono wewe, asiubebe. Mwombe ainue kifundo. Subiri. Hesabu mpaka kumi kimya kimya, amri inachelewa kufika. Kisha geuza mkono ulale kwa ubavu, uzito umeondoka kabisa, mwombe tena. Kisha kidole kimoja kimoja. Andika ulichokiona, hata kama ni kutikisika. Hicho ndicho utakachompelekea fiziotherapisti.


Kifundo_cha_Matumaini:

Nami niulize kuhusu mashine. Tunasikia roboti, umeme, hata kifaa cha kupandikiza. Je, tukichangishana tununue, au ni biashara tu?


MnyooshaViungo:

Roboti ilipimwa vizuri Uingereza, watu 770, matokeo 2019. Haikuonyesha kuwazidi waliopata huduma ya kawaida katika kazi za mkono. Si kwamba haifai. Inasaidia kurudia. Ila taulo na meza pia zinarudia. Umeme wa kusisimua misuli ya kuinua kifundo na vidole nautumia sana kwa wasioweza kufungua kiganja, kwa sharti mgonjwa ajaribu kufungua wakati umeme unapita, asikae kuutazama. Asiwe na kifaa cha moyo, na aelekezwe na mtaalamu mara ya kwanza. Kifaa cha kupandikiza kifuani, chenye waya unaosisimua neva ya vagasi (neva inayotoka ubongoni na kushuka kupitia shingoni), kiliidhinishwa Marekani 2021, ni cha upasuaji, na chenyewe kinawashwa wakati mgonjwa anafanya zoezi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi mgonjwa akiwa amelala.

Kuna pia dawa ya huzuni, fluoksetini, iliyowahi kutangazwa kwamba inarudisha mwendo baada ya jaribio la 2011. Jaribio kubwa zaidi lililofuata 2018, watu 3,127, halikuona faida hiyo, na waliokunywa walivunjika mifupa zaidi. Mwenye huzuni atibiwe huzuni. Kwa ajili ya mkono peke yake, hapana.


BintiSeremala:

Nimerudi na kile cha kioo kama nilivyoahidi.

Kioo kinasimamishwa mezani katikati ya mikono miwili, mgonjwa anaingiza mkono uliopooza nyuma ya kioo usionekane, anatazama mkono mzima kwenye kioo. Akiufungua na kuufumba, macho yanaona mkono mgonjwa ukifanya kazi. Mwanasayansi wa ubongo, Ramachandran, ndiye aliyeanza na kioo kwa watu waliokatwa mikono wakawa wanaumwa na mkono ambao haupo, na 1999 yeye na wenzake wakakijaribu kwa wenye kiharusi. Watu tisa tu, lakini tafiti nyingi zimefuata. Faida yake kwangu naiona hapa: kinafaa hata kwa mkono usiosogea kabisa, ambao glavu haiuwezi. Tulifanya nusu saa kila jioni, mahali pa kimya, pete na saa zimevuliwa ili mikono ifanane. Baba siku tatu za kwanza alisema kinamtia kizunguzungu. Wiki ya pili kidole gumba kikaanza kucheza nyuma ya kioo. Siapi kwamba ni kioo peke yake, tulikuwa na mengine pia.

Kuhusu usiku: mkono ulikaza zaidi akiwa na baridi, akiwa na haja ndogo inayombana, akiwa na hasira, au akianza homa. Tulijifunza kwamba kukaza kwa ghafla ni taarifa. Mara moja kumbe mkojo ulikuwa na maambukizi, na mkono ndio ulisema kabla yake.

Sasa ni mwezi wa 14. Kiganja kinafunguka robo tatu. Vifungo vidogo bado. Kuandika amehamia kushoto na hataki kurudi, nami nimeacha kubishana naye. Randa anaishika kwa mikono miwili, wa kulia ukiwa nyuma kusukuma, wa kushoto mbele kuelekeza. Juzi alirandia ubao urefu wa hatua moja, akasimama, akapitisha kiganja cha kulia juu yake. Nikamuuliza unahisi? Akasema pembeni kuna nundu. Nikagusa. Ilikuwepo.


NusuMwili:

Nimesoma sentensi hiyo mara tano.


MwanaWaMama:

Wakuu, narudisha taarifa. Jana usiku tuliufungua mkono wa mama kama mlivyoelekeza, kwa kuanzia begani. Ilichukua karibu nusu saa. Tumeosha, tumekata kucha, kuna michubuko miwili ila hakuna usaha. Alilala bila kulalamika.

Asubuhi nimemkalisha mezani. Kwa mkono uliolala kiganja chini, hakuna kitu. Nilipougeuza kwa ubavu nikasubiri, nilipofika sita kifundo kikasogea. Kidogo, kama upana wa ukucha, lakini kimesogea, na tulipomwomba tena kikasogea tena. Mara nne. Ya tano hapana. Vidole vyote kimya, isipokuwa cha shahada kilitikisika.

Nikamwambia mama, umeona? Akanitazama akasema hicho anakifanya usiku siku nyingi, akiwa amelala ubavu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.